Upande wa Wazima

Daftari la nia za misa pale parokiani kwetu ni lile kubwa la jalada gumu, kama lile wanaloandikia mahudhurio shuleni. Karani amelipiga mstari katikati kwa rula. Kushoto wanaandikwa wazima, wale wanaoombewa safari, mitihani, uzazi na ndoa. Kulia wanaandikwa marehemu. Kila Alhamisi asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilikuwa nakwenda kumwandikisha mume wangu, na karani aliniuliza swali analomuuliza kila mtu, kalamu ikiwa tayari mkononi: "Mzima au marehemu?"

Hakuwa na ubaya wowote, ndiyo kazi yake. Lakini mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na wiki ya kwanza nilimjibu maneno ambayo hayafai kusemwa ofisi ya padri, mpaka sista aliyekuwa akipita na ndoo akasimama. Baadaye nikajifunza kusema kabla hajauliza. Mzima. Naye anaandika kushoto, kwa kalamu ya bluu, jina lake kamili, na mbele yake: kurudi salama. Nilikuwa nasimama pale mpaka wino ukauke. Kwa miezi kumi hapo ndipo mahali pekee, katika Dar es Salaam nzima, palipoandikwa kwamba mume wangu yu hai.

Mume wangu ni fundi wa friji na feni. Nimeandika "ni", na ibaki hivyo hivyo. Alikuwa na kibanda Buguruni, na kazi zilizomzidi alizileta nyumbani kwetu Temeke, kwenye chumba cha mbele, ambako kila mara kulikuwa na friji ya mtu imelazwa ubavu. Jumapili alikuwa msomaji wa somo la pili kwenye misa ya kwanza. Alitoka bara na hakupata kulitamka jina Wathesalonike likatoka salama. Jumamosi alasiri alikuwa anasimama mlangoni na kitabu, mimi nashona, naye anafanya mazoezi: Wathethalonike, Wasethalonike. Nilikuwa nacheka mpaka natema pini nilizozibana mdomoni. Naye anacheka, kisha ananipiga bega na kitabu na kuniambia niheshimu neno la Mungu. Kama mtu ataniuliza mapenzi ni nini nitamweleza hilo tu, sina jingine la kumwambia.

Kilichomponza kilikuwa kusoma huko huko. Ilibandikwa orodha ya wapiga kura kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa wetu, na siku ya mkutano wa mtaa akasimama akaomba aisome. Akaisoma kama anavyosoma kanisani, taratibu, kila jina na nafasi yake. Akifika kwa mmoja anasema, "Huyu tulimzika mwaka juzi." Akifika kwa mwingine, "Huyu jeneza lake nilibeba mwenyewe, na mwenyekiti ulikuwepo." Kisha akawageukia majirani waliokaa kwenye mabenchi, mmoja mmoja, akauliza mbona hawa wanaopumua hawamo. Watu walicheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa naye alicheka, kisha akainama akaandika kitu.

Nilimwona akiandika. Njiani kurudi nyumbani nikamgombeza mume wangu, ingawa ndani yangu nilikuwa najivuna.

"Wewe kama nani? Watu wote wale walikuwa bubu?"

"Mie nimesoma tu kilichoandikwa ukutani," alisema. "Wafu ni wafu, wazima ni wazima. Kuna kosa gani hapo, mama?"

Wiki ya pili yake, saa nne asubuhi, wanaume wanne walishuka kwenye gari jeupe lisilo na namba pale kibandani. Mama lishe wa jirani yake aliniambia kila kitu siku ile ile: kwamba aliwaomba kwanza aiweke chini feni ya mteja aliyokuwa ameishika, kwamba bisibisi ilikuwa bado mfukoni mwa shati, kwamba hakupiga kelele. Siku ya pili nilipomrudia na mtu wa kuandika maelezo, mama lishe alisema hakuona lolote. Siku ya tatu alikuwa amehamisha meza yake. Sikumkasirikia. Baadaye nilimkasirikia sana, na sasa tena sina hakika.

Nilizunguka vituo. Kila kituo walifungua kitabu, wakapitisha kidole, wakasema hawana mtu huyo. Kwenye kimoja askari aliniambia kwa upole kabisa kwamba wanaume wa siku hizi wana nyumba ndogo, nimpe muda. Nilienda pia vyumba vya maiti kwenye hospitali mbili. Nilifunuliwa watu ambao hawakuwa yeye nikamshukuru Mungu, kisha nikaona aibu, maana nao walikuwa wa mtu.

Hapo ndipo nilipojua nyumba inavyohamwa na watu bila mwenyewe kuhama. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo husali Jumamosi asubuhi, kila wiki nyumba ya mtu mwingine, na ratiba hubandikwa nyuma ya kanisa. Zamu yangu ilipokaribia, ratiba mpya ikaniruka. Mama kiongozi wa jumuiya, mwanamke niliyemsimamia binti yake kipaimara, aliniambia wameona nipumzike kwanza. Sare za kwaya nilizokuwa nashona miaka yote zikapelekwa kwa fundi mwingine. Watu niliokutana nao njiani walikuwa na simu za kusoma. Hata friji ile iliyokuwa chumba cha mbele, ya mama mmoja wa Kipawa, haikuja kuchukuliwa. Nilimpigia mara tatu. Mara ya nne namba yake haikupatikana.

Ya kwamba waliogopa, nilijua. Mimi mwenyewe ningeogopa. Lakini kujua hakukunisaidia.

Aliyebaki alikuwa mmoja, Bi Mkubwa wa dukani. Ni Mwarabu wa hapa hapa, duka lao limekuwa kwenye ile kona tangu babu yake. Kabla ya yote haya hatukuwa marafiki. Nilikuwa nanunua kwake sukari, naye alikuwa ananisema kwa kuacha mlango wazi nzi wakaingia. Lakini wiki ile ile mume wangu alipochukuliwa, alikuja baada ya sala ya alasiri, akavuta kigoda, akakaa karibu na cherehani yangu, akatoa tasbihi. Akaja kesho yake. Hakuwa na maneno mengi. Alipokuwa akinyanyuka alisema, "Mungu amrudishe," nami nikasema amina. Miezi kumi, kila siku isipokuwa zile chache za homa. Yeye na tasbihi yake, mimi na rozari yangu, friji ya watu katikati yetu.

Nilikuwa nimejiwekea sheria moja, na Bi Mkubwa aliijua. Mtu akiniambia pole, sikujibu kama watu wanavyojibu. Kwetu ukiambiwa pole unasema nimeshapoa, hata kama umevunjika mguu sasa hivi. Mimi nilikataa. Nilikuwa nasema, "Sijapoa." Mtu anashtuka, anaondoka. Niliona nikisema nimeshapoa, hata kwa adabu tu, nitakuwa nimemwachia mkono.

Kuhusu kusali, nitasema kweli. Mwanzoni nilisali kwa nguvu. Halafu nikasali kwa ubishi. Ulipofika mwezi wa saba tangu achukuliwe nilichoka kama mtu anayesukuma gari lisilowaka, anaendelea kusukuma kwa sababu tu akiacha litamrudia. Sikuacha kuamini kwamba Mungu yupo. Nilianza kuamini kwamba yupo na anatazama, na hilo lilinitisha zaidi.

Alhamisi moja, kipindi cha mitihani ya darasa la saba, nilikwenda ofisini na haraka. Wazazi walikuwa wamejipanga hadi nje kuwaandikisha watoto wao. Nikasema mzima, karani akaandika, na siku hiyo sikusubiri wino ukauke.

Jumapili kwenye misa ya kwanza msomaji, yule aliyepewa nafasi ya mume wangu, akasoma nia. Akasoma wazima, watoto wengi wa darasa la saba, na jina nililolingojea halikuja. Kisha akasema tuwaombee pia marehemu wafuatao. La mwisho kabisa lilikuwa la mume wangu, majina yote matatu.

Hapa watu huniuliza kwa nini sikusimama. Mimi, mwenye mdomo huu. Sikusimama kwa sababu sikudhani ni kosa. Nilidhani wamepata habari. Nilidhani padri ameambiwa jana, na kwamba wamechagua kunijulisha hivi, mbele ya altare, ili nisianguke peke yangu. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa kando yangu. Nilisikia kanisa zima likishusha pumzi, kisha mkono wa mtu ukanishika bega kutoka nyuma. Ulikuwa mkono wa kwanza baada ya miezi kumi. Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Hawakuniacha nitembee peke yangu. Tulirudi nyumbani kundi zima, na tulipofika mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani, sijui na nani, na masufuria makubwa ya jumuiya yalikuwa yanashushwa kwenye bajaji. Wanawake walichambua mchele. Wanaume walifunga turubai. Mama kiongozi alimchukua binti yangu, akamkalisha kati ya magoti yake, akaanza kumsuka. Mtu alinivua viatu. Ndugu wa yule mama wa Kipawa alitokea na mkokoteni, akanipa pole kwa unyenyekevu mkubwa, halafu akaomba friji.

Saa sita mchana karani akaja. Alipita kati ya watu akachuchumaa mbele yangu, uso umemvimba kama aliyeumwa na nyuki.

"Mama, nisamehe," alininong'oneza. "Upande wa wazima ulikuwa umejaa. Watoto wa mitihani walikuwa wengi. Wewe nikakuandika kulia, nikachora mshale kuonyesha ni wa kushoto. Msomaji hakuuona mshale."

"Kwa hiyo hakuna habari?"

"Hakuna habari yoyote, Mama. Ni kosa langu mie. Ngoja niwatangazie."

Nimeirudia saa hiyo mara nyingi. Mtu aliyekuwa amekufa asubuhi alirudi kuwa hajulikani alipo, na mwanamke mwenye imani angeruka. Mimi niliangalia uani. Niliona mikeka imejaa. Niliona binti yangu amefumba macho, kichwa chake kimeegemea goti la mtu, kwa sababu kwa miezi kumi hakuna mkono mwingine zaidi ya wangu uliomgusa nywele. Nilielewa mara moja kilichowaleta. Kwa mtu aliyechukuliwa hakuna anayethubutu kwenda. Lakini msiba ni msiba, na hakuna atakayekuuliza kwa nini ulionekana msibani. Walikuwa wamengoja mlango, na karani alikuwa amewafungulia kwa mshale wake.

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Mpaka waondoke."

Akanitazama. Akanyamaza. Ndivyo nilivyomweka mume wangu upande wa kulia kwa kinywa changu mwenyewe, nikijua.

Alasiri mwenyekiti wa mtaa akaja, na balozi wa nyumba kumi nyuma yake. Walipewa viti. Mwenyekiti alivua kofia, akaishika magotini, akasema maneno mazuri juu ya fundi hodari na mtu wa watu. Sina ushahidi wowote juu yake, na sitasema zaidi ya nilichokiona siku ya mkutano. Alipomaliza akainama kuelekea kwangu.

"Poleni sana, shemeji."

Uani kote walikuwa wakinisubiri. Nami nikasema, "Tumeshapoa."

Nilipoinua macho nilimwona Bi Mkubwa. Ilikuwa saa yake ya kuja. Alikuwa amesimama mlangoni na buibui lake, tasbihi mkononi, na hakuna shaka alisikia. Watu walimsogezea mkeka.

"Mie sikai," alisema. "Nani kauona mwili?"

Mama kiongozi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba imetangazwa kanisani.

"Nimeuliza nani kauona mwili. Kaburi li wapi? Nyie mnamlilia mtu kwa tangazo?" Kisha kwangu, taratibu: "Mwanangu, umeambiwa nini wewe?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa ndiye mtu mmoja aliyestahili kuambiwa. Lakini alikuwa ananiharibia, na hasira yangu ikanipanda kwa mtu asiyehusika, kama kawaida yake.

"Bi Mkubwa," nikasema mbele ya watu wote, "kama huwezi kukaa na wenzio, tuache tuomboleze."

Aliitia tasbihi mfukoni. Akageuka akaenda zake dukani, na nzi wakaingia kwa sababu hakuna aliyeufunga mlango.

Walikaa siku tatu. Nasema kwa aibu kwamba zilikuwa siku nzuri. Walilala kwetu zamu kwa zamu, walipika, walisimulia habari zake. Mmoja alimuigiza anavyotamka Wathesalonike na tukacheka wote mpaka tukalia tena. Nilikuwa na mume tena, kwa namna ile ya watu kumtaja. Jioni ya kwanza walisali sala ya marehemu, ile ya raha ya milele, na mimi niliitikia. Ninajua nilichoitikia.

Siku ya tatu, wakati wanaanua tanga, nilimvuta mama kiongozi kando ya choo nikamwambia kosa la karani. Alisikiliza huku anakunja mkeka. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba kosa lilikuwa limeshajulikana, au halikuwa na umuhimu.

"Mama, iache iwe hivyo," alisema. "Hivi ilivyo, tunaweza kuja. Ukisema vingine utatufunga tena miguu. Wewe unataka ubaki peke yako?"

Alinishika mashavu. Alikuwa ananipenda, na aliogopa, na hayo mawili yalikuwa yamekaa kwake pamoja bila ugomvi. Akabeba sufuria akaondoka na wenzake, na turubai likashushwa.

Usiku haukuwa umeingia bado binti yangu aliponiuliza. Nilimwambia karani aliandika vibaya.

"Kwa hiyo baba ni mzima?"

"Aliandikwa vibaya tu."

"Sasa mbona ulisema tumeshapoa?"

Alikuwa ameusikia kila mara ule ukaidi wangu wa miezi kumi, alikuwa amejifunza, shuleni naye walipompa pole alijibu sijapoa. Nilijidai natafuta mkasi.

Siku iliyofuata alasiri nilikaa kwenye cherehani nikaweka kigoda mahali pake. Chumba cha mbele kilikuwa kipana ajabu bila ile friji. Bi Mkubwa hakuja. Wala kesho yake. Siku ya tatu nikavuka barabara kwenda dukani, nikamsalimia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nikupe nini?"

Nikataja sukari, maana nilitakiwa kutaja kitu. Akapima, akafunga, akaniwekea mezani.

"Hujaja siku hizi," nikasema.

"Nije kufanya nini, mwanangu?" Hakuwa na ukali. Laiti angekuwa nao. "Si mmeshapoa?"

Nikamweleza yote palepale, mshale, watoto wa mitihani, mikeka, mkono ule begani. Mteja aliingia, akahudumiwa, akatoka, mimi naendelea. Nilipomaliza alipangusa meza. Nilingoja neno lake. Nilikuwa na amina yangu tayari mdomoni.

"Mungu akupe subira," alisema.

Hilo ndilo neno wanalopewa wafiwa. Nikachukua sukari yangu nikaenda.

Alhamisi ya kwanza baada ya tanga niliiruka; ya pili nilikwenda parokiani kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilisema kabla hajauliza, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu: "Mzima." Karani alifungua daftari upande wa kushoto. Palikuwa na nafasi tele, mitihani ilikuwa imekwisha. Akaiinua ile kalamu ya bluu, akaitazama, akairudisha kwenye kikombe. Akavuta droo, akatoa penseli.

"Nitaandika na hii, Mama," alisema kwa huruma ya kweli. "Siku tukipata habari, iwe rahisi kufuta."

Akaandika majina yote matatu, na kurudi salama. Nilisimama pale kwa mazoea, nikisubiri wino ukauke.